Redio ya CB inaponyamaza: Hatua za kutafuta hitilafu na hatari za amplifaya zake

DEREVA wa lori aliyekwama kwenye theluji katika barabara kuu ya Marekani, mahali ambapo simu ya mkononi haipati mtandao, bado ana chombo kimoja cha kuitia msaada: redio ya CB. Chombo hicho kikiwa bubu saa ya dhiki, kisa aghalabu huwa kidogo mno. Ni waya uliokatika ndani ya kamba ya maikrofoni, plagi ya antena iliyoota kutu, au fyuzi ambayo bei yake haifiki ya kikombe cha chai.

Wanaoijua kazi hii husema kwamba anayekimbilia kufungua redio kabla ya kuchunguza vilivyo nje yake huishia kuharibu kilichokuwa kizima. Makala haya yanaeleza utaratibu wa kuitafuta hitilafu, kuanzia kwenye betri hadi kwenye ncha ya antena. Aidha, yanaeleza sababu ya amplifaya zinazoongezwa kwenye redio hizo kupigwa marufuku, na jinsi zinavyoweza kumuua fundi asiyekuwa makini.

Asili ya redio hizi

Redio za CB ni redio za kupokezana mazungumzo: mmoja hubonyeza swichi ya maikrofoni akasema, kisha huiachilia ili amsikie mwenzake. Serikali ya Marekani ilianzisha huduma ya redio za raia mnamo 1945. Mwaka wa 1958 ilitenga chaneli 23 katika masafa ya megahezi 27, na kuanzia Januari 1, 1977 chaneli hizo zikaongezwa kuwa 40, kutoka megahezi 26.965 hadi 27.405.

Umaarufu wake ulitia fora baada ya uhaba wa mafuta wa 1973. Madereva wa malori walizitumia kuelezana ni kituo kipi kilikuwa na dizeli, na polisi walijificha wapi kuwanasa waliovunja sheria mpya ya mwendo wa maili 55 kwa saa. Hadi leo madereva wa Marekani huzungumza zaidi kupitia chaneli ya 19, ilhali chaneli ya 9 imetengewa dharura na usaidizi wa wasafiri. Sharti la kuwa na leseni liliondolewa nchini humo mwaka wa 1983. Uingereza nayo ilihalalisha redio hizi Novemba 2, 1981.

Nguvu inayoruhusiwa Marekani ni wati 4 kwa mfumo wa AM na wa FM (huu wa pili ulikubaliwa mwaka wa 2021), na wati 12 za kilele kwa mfumo wa SSB. Nguvu hiyo ni ndogo kuliko ya balbu nyingi za nyumbani, na ndiyo maana kila kiungo kati ya redio na antena sharti kiwe madhubuti.

Anza na vitufe

Kabla ya kutwaa bisibisi, mtumiaji anafaa kukagua vitufe vilivyo usoni mwa redio. Redio nyingi zina swichi iliyoandikwa 'CB' na 'PA'. Ikiwa kwenye 'PA', redio hugeuka kuwa kipaza sauti cha hadhara na haitapokea wala kurusha chochote. Kitufe cha skwelchi, kinachozima mvumo wakati hakuna anayezungumza, kikikazwa mno hufungia nje hata sauti za watu. Kile cha 'RF Gain' kikipunguzwa, redio huwa kama mtu aliyeziba masikio.

Hali kadhalika, tundu la spika ya nje lililo nyuma ya redio lina swichi ndogo inayokata spika ya ndani plagi inapochomekwa. Swichi hiyo ikikwama au ikiingia uchafu, redio hunyamaza japo taa zake zinawaka. Vilevile, kuna redio ambazo hazitoi sauti yoyote endapo maikrofoni haijachomekwa, kwa kuwa mkondo wa sauti hupitia kwenye plagi yake. Redio za namna hiyo hupelekwa kwa fundi zikiwa nzima kabisa.

Umeme na fyuzi

Redio ikikataa kuwaka, hatua ya kwanza ni kupima volti kwenye ncha za waya wake kwa mita. Gari ambalo injini yake inanguruma linafaa kutoa takriban volti 13.8. Zikipungua sana mtumiaji anapobonyeza maikrofoni, basi kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu, mara nyingi pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi ya gari.

Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kile kile. Redio ya kawaida hutumia fyuzi ya takriban ampia 2. Kuweka ya ampia 20, au kuifunga kwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na waya ukiungua ndani ya gari huweza kuliteketeza lote.

Ikiwa fyuzi mpya nayo inakatika papo hapo, kuna uwezekano kwamba waya mwekundu na mweusi zilibadilishana mahali. Redio nyingi zina dayodi ya ulinzi iliyounganishwa kinyume baina ya nyaya hizo mbili. Umeme ukiingia kwa njia isiyofaa, dayodi hiyo huupitisha wote hadi fyuzi ikatike, na aghalabu yenyewe hufa ikiwa imeshikana. Ni chombo cha bei duni kinachojitoa mhanga ili kuokoa redio nzima. Fundi mzembe huiondoa tu na redio ikawaka, lakini kosa kama hilo likirudiwa siku nyingine, redio haitakuwa na mlinzi.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo wa injini hutoka kwa jenereta ya gari. Dawa yake ya kwanza ni kupeleka nyaya zote mbili moja kwa moja kwenye betri, kila moja ikiwa na fyuzi yake karibu na betri hiyo. Mvumo mzito usiobadilika, hasa redio inapotumia umeme wa nyumbani, huashiria kapasita za kuchuja umeme zilizokauka kwa uzee.

Antena ndiyo nusu ya redio

Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takriban mita 11. Antena ya robo ya wimbi hilo ingekuwa na urefu wa karibu mita 2.7, na ndiyo maana antena fupi za magari huwa na waya uliozungushwa kama koili ili kufidia upungufu huo. Bodi ya chuma ya gari ni sehemu ya antena. Msingi wa antena ukitenganishwa na bodi kwa rangi au kutu, mfumo mzima huyumba.

Kipimo muhimu hapa huitwa SWR, nacho huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachorudishwa na antena badala ya kuruka angani. Kipimo cha 1.5 ni kizuri, kwani takriban asilimia 4 pekee ya nguvu ndiyo hurudi. Kikifika 2, asilimia 11 hurudi. Kikifika 3, robo nzima hurudi na transista ya mwisho ya redio huanza kuumia.

Gari huegeshwa mahali pa wazi, mbali na kuta, milango ikiwa imefungwa. Mita huwekwa baina ya redio na antena, kisha vipimo huchukuliwa katika chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Kama chaneli ya 40 ina kipimo kikubwa kuliko ya 1, antena ni ndefu mno; ifupishwe kidogo kidogo, milimita chache kwa wakati. Kama chaneli ya 1 ndiyo mbaya zaidi, antena ni fupi na inafaa kurefushwa. Zote zikiwa juu sana, tatizo si urefu. Huenda kebo imekatika, imeshikana, au msingi wa antena haujagusa bodi.

Kebo hupimwa ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Waya wa katikati unapaswa kuwa na mkondo kutoka mwanzo hadi mwisho, na usigusane kamwe na wavu unaouzunguka. Kuchomoa antena ni muhimu, kwani baadhi ya antena zina koili inayounganisha waya wa katikati na bodi kwa makusudi, na humfanya fundi mchanga kudhani kebo imeshikana. Isitoshe, kebo ya redio hizi ni ya omu 50. Ile ya televisheni, ambayo kwa kawaida ni ya omu 75, haifai.

Kwa wanaosimamisha antena nyumbani, kuna onyo moja lisilo na mjadala: mlingoti usiwekwe mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za stima. Watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo, hata Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ikaweka sharti kwamba antena hizo ziuzwe zikiwa na lebo za tahadhari.

Inasikia lakini haisemi

Redio inayopokea vizuri lakini haisikiki kwa wengine humwelekeza fundi kwenye maikrofoni. Kamba yake huvutwa na kukunjwa kila siku, na nyaya zake hukatikia karibu na plagi au pale inapoingia kwenye maikrofoni yenyewe. Kuitikisa kamba huku swichi imebonyezwa hufichua tatizo upesi. Ikumbukwe pia kwamba watengenezaji hawapangi nyaya za maikrofoni kwa njia moja. Maikrofoni ya redio moja huweza kuingia kwenye tundu la nyingine isifanye kazi.

Ikiwa redio inarusha wimbi lakini haina sauti, kasoro ipo kwenye maikrofoni au saketi ya sauti. Ikiwa hairushi hata wimbi, redio hutengwa na antena na kuunganishwa kwa mzigo bandia, yaani rezista ya omu 50 inayomeza nguvu bila kuirusha hewani. Mita ikionyesha wati 4 hapo, redio ni nzima na lawama ni ya antena. Ikionyesha sifuri au sehemu ya wati moja, transista ya mwisho au ile inayoitangulia imeungua. Redio za zamani zilitumia transista kama 2SC1969 na 2SC2078. Nyingi za baadaye hutumia za aina ya MOSFET. Kabla ya kuweka mpya, ni lazima kisa cha ile ya kwanza kuungua kijulikane, la sivyo ya pili itafuata mkondo huo huo.

Kwa redio isiyopokea ilhali inarusha, hasa baada ya radi au baada ya kuegeshwa kando ya mtambo wenye nguvu nyingi, mshukiwa mkuu ni transista ya kwanza ya upokezi. Redio nyingi hubadilisha wimbi linaloingia hadi megahezi 10.695, kisha hulichanganya na fuwele ya megahezi 10.240 ili kupata kilohezi 455. Fuwele hiyo ikizorota, redio huweza kufa katika chaneli zote au kuyumba kutoka mahali pake. Chaneli ya 19 inapaswa kusoma megahezi 27.185 kwenye kihesabu masafa.

Chunguza pia viungo vya risasi vilivyopasuka kwa mtikiso wa barabara. Hivyo hutambuliwa kwa mduara mwembamba unaozunguka mguu wa kifaa, na hutibiwa kwa kulehemu upya. Jambo lisilofaa kabisa ni kuzungusha skrubu za ndani ya koili kwa kubahatisha. Ziliwekwa kiwandani kwa vifaa vya kupimia, nazo hupasuka kwa wepesi. Redio yenye hitilafu moja huondoka mikononi mwa fundi kama huyo ikiwa na hitilafu kumi.

Amplifaya: faida kidogo, hatari kubwa

Amplifaya hupokea wati chache kutoka kwa redio na kuzikuza hadi mia moja, elfu moja au zaidi. Watumiaji huziita 'linia'. Wengi huzinunua wakidhani nguvu ikizidishwa mara 25, umbali nao huzidi mara 25. Hesabu inakataa. Kila hatua moja kwenye mita ya upokezi huhitaji nguvu iongezwe mara nne. Kutoka wati 4 hadi wati 100, anayesikiliza huona sindano ikipanda hatua mbili na ushei tu. Antena iliyorekebishwa vyema na kuinuliwa juu mara nyingi huleta manufaa kama hayo bila gharama wala kesi.

Nchini Marekani, ni hatia kuunganisha amplifaya na redio ya CB. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC) iliweka vikwazo dhidi ya utengenezaji na uuzaji wa amplifaya za masafa hayo tangu 1978. Walio na leseni ya redio za ridhaa huruhusiwa kutumia amplifaya katika masafa yao, ambayo jirani yake wa karibu ni megahezi 28.

Sababu ya marufuku si inda. Amplifaya iliyotengenezwa ovyo hutoa pia mawimbi ya ziada ambayo ni vizidishi vya wimbi halisi. Megahezi 27.185 ikizidishwa mara mbili huwa 54.37, ambayo ndiyo chaneli ya 2 ya televisheni nchini Marekani. Ikizidishwa mara nne huwa 108.74, ambayo imo katika masafa yanayotumiwa na ndege kuongozwa hadi uwanjani. Mtu anayejigamba kwa sauti kubwa barabarani huenda anamvuruga rubani aliye mawinguni.

Kuna pia suala la moto. Amplifaya ya wati 100 ambayo nusu ya umeme wake hupotea kama joto huhitaji zaidi ya ampia 14. Kuichomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari ni kualika maafa.

Fundi anapoletewa kifaa hiki, jaribio la kwanza ni kukiondoa kabisa na kuunganisha redio moja kwa moja na antena. Upokezi ukirejea, rilei ya amplifaya ina ncha zilizoungua. Ikiwa amplifaya haibofyi maikrofoni inapobonyezwa, saketi inayohisi wimbi au rilei ndiyo mbovu. Ikibofya bila kutoa nguvu, transista zake zimekufa. Ikitoa mlio wa ajabu, hasa katika SSB, huenda inajizungusha yenyewe kwa sababu ya kiungo kibovu cha bodi.

Transista za amplifaya hufanya kazi kwa jozi zinazolingana. Kubadilisha moja pekee hulazimisha nyingine kubeba mzigo usio wake. Aina ya 2SC2879, iliyosifika sana, ilikwisha kuacha kutengenezwa, na za bandia zimejaa sokoni. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kauri ya transista nyingi za zamani za aina hii ina oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haidhuru, lakini vumbi lake, endapo itapasuliwa au kusuguliwa kwa tupa, ni sumu inayoharibu mapafu.

Amplifaya za vali ni hatari zaidi. Zile kubwa hubeba volti 2,000 au kupita hapo, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi stadi huchomoa plagi, husubiri, huondoa umeme kwa kijiti chenye kihami na rezista, kisha hupima kwa mita inayoweza kustahimili volti hizo, kabla ya kuingiza kidole. Asiyekuwa na vifaa hivyo hana budi kuliacha sanduku likiwa limefungwa. Hakuna mazungumzo ya redio yenye thamani ya roho ya mtu.

Somo kwa msomaji wa hapa

Nchini Kenya, matumizi ya masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA), na anayenuia kununua au kuagiza mtambo wowote wa kurusha mawimbi anafaa kuulizia kibali kabla ya kulipa hata senti. Hata hivyo, kanuni za ukarabati hazibadiliki. Redio za mawasiliano katika magari ya watalii, boti na vituo vya walinzi, ingawa nyingi hutumia masafa mengine, huugua maradhi yale yale: betri dhaifu, bodi yenye kutu, kebo iliyopondwa na maikrofoni iliyochoka.

Kwa hivyo, mpangilio ni mmoja. Vitufe kwanza, kisha umeme, kisha antena na kebo, kisha maikrofoni, na ndani ya redio mwisho. Mara moja kwa mwezi, viungo vikazwe na kipimo cha SWR kichukuliwe na kuandikwa daftarini, ili mabadiliko yaonekane mapema. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika redio, ufa huo mara nyingi ni waya mmoja mwembamba ambao ungelehemiwa kwa dakika tano, siku nyingi kabla ya safari ambayo dereva atahitaji kusikika.